Siku Dobi Alipoiacha Kamba

Mtaani kwetu Dobi alijulikana kwa kola zake na kwa ugomvi wake na mawingu. Kola alizipiga pasi mpaka zikasimama zenyewe. Mvaaji anaweza kuwa amejikunja kwenye kiti, kola bado iko wima. Na mawingu aliyatazama kila asubuhi kabla hajanawa uso, mikono kiunoni, kama mtu anayemngoja jirani mkorofi atoke nje. Wengine mvua ikinyesha hushukuru. Kwake yeye mvua ilikuwa shuka za watu zinazonuka uvundo, sare za shule ambazo Jumapili jioni bado zinachuruzika, na wateja wanaosimama mlangoni na kuuliza, "Dobi, na leo pia?"

Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yao. Mlikuwa na meza ndefu iliyovishwa blanketi kuukuu na juu yake shuka jeupe, pasi ya umeme, ndoo ya maji ya wanga, na rafu aliyopanga nguo zilizokwisha kunyooshwa, kila mteja na fungu lake. Uani, kamba zilivutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na ukipita pale siku ya jua ilibidi uiname kama unayeingia kwa wakwe.

Yeye na mkewe walikaa miaka mingi bila mtoto. Watu waliuliza, wakachoka, wakaacha. Ndipo akaja huyo binti mmoja, na alikuja na kifua kibovu. Tangu mchanga, pumzi yake ilikuwa inalia, sauti nyembamba ya juu, kama mtu anayepuliza filimbi chumba cha pili. Madaktari walisema ni pumu. Dobi, ili asilie mbele ya mkewe, alifanya mzaha akamwita Filimbi. Mama mtu hakulipenda jina hilo hata kidogo, lakini lilinata. Mpaka leo ukimuulizia mtoto yule kwa jina la kwenye cheti, watu watakutazama tu.

Daktari mmoja aliwahi kuuliza kama nyumbani kuna moshi. Wakati huo Dobi alikuwa bado ana pasi ya mkaa, anayoiwasha umeme unapokatika. Alirudi nyumbani, akaimwaga majivu, akaisukuma chini ya kitanda, na hakuigusa tena. Toka siku hiyo umeme ukikatika alikuwa anakaa kwenye stuli yake, mikono mapajani, nguo za watu zimelundikana mezani. Wateja walimnung'unikia kwamba amekuwa mvivu. Hakuwaeleza. Nadhani aliona kueleza ni kama kukiri kwamba miaka yote ile alikuwa anamfukizia mtoto wake mwenyewe.

Sasa, mtoto wa namna hiyo ungetegemea akue akikaa kivulini. Filimbi alikua akikimbia. Ukimtuma chumvi dukani, hujakaa sawa amerudi. Mwalimu wa michezo wa shule yao alimwona siku moja akiukimbiza mpira uliokuwa unateremka barabarani, akaupita, akausubiri mbele. Jioni ile ile alikuja nyumbani kuomba ruhusa ya kumweka kwenye timu ya mbio za nyika, zile za kukimbia porini na milimani.

Mama yake Filimbi alikataa pale pale. Alifanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Akisema hapana ilikuwa hapana. Dobi naye hakubishana. Alimpeleka mtoto kwa daktari, na daktari akasema mazoezi hayana ubaya, kifua kinayahitaji, mradi avute dawa kabla ya kukimbia na awe nayo karibu siku zote. Ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, iliyomo kwenye kikopo kidogo cha buluu. Dobi alileta maneno hayo nyumbani kwa uangalifu, kama anayebeba sinia lililojaa vikombe.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Sawa. Akimbie. Lakini wewe ndiye utakayekuwa pale. Sio mwalimu. Wewe."

Basi ndivyo Dobi alivyoingia katika kundi la wazazi wa kando ya uwanja. Kama hujawahi kuwa mmoja wao, ni watu wa ajabu kidogo. Uwanja wenyewe haukuwa na jukwaa wala paa. Palikuwa na kamba iliyofungwa kwenye vigingi, wazazi nyuma yake, watoto mbele yake, na mtu yeyote asivuke. Msimu wa mbio ulikuwa ndio huo huo msimu wa mvua, sijui nani aliyepanga hivyo. Wazazi walisimama pale na miavuli iliyovunjika mbavu, mifuko ya plastiki kichwani, magunia mabegani, viatu vimezama matopeni, wakipiga kelele za ushauri ambao hauna faida kwa mtu. "Inua miguu!" wanamwambia mtoto, kana kwamba alikuwa amesahau kwamba anayo.

Dobi hakupiga kelele. Alikuwa anapumua. Filimbi akikaza mwendo, naye anavuta hewa kwa haraka. Akipunguza, naye anashusha. Hakujua kama anafanya hivyo mpaka siku moja mwenzake aliyesimama pembeni alipomuuliza kama naye anaumwa kifua. Huyo mwenzake alikuwa fundi wa friji, baba wa mvulana mmoja mnene aliyekuwa anamaliza wa mwisho kila mara na kila mara akicheka. Fundi Friji hakukosa mbio hata moja. Alikuwa na gari dogo la mizigo lililojaa mabomba na waya, na maoni juu ya kila kitu chini ya jua, jua lenyewe likiwemo. Dobi alimvumilia mwanzoni. Baadaye akawa anamtafuta kwa macho akifika, maana kusimama peke yako pale ni kugumu zaidi.

Siku yenyewe ninayoisimulia ilikuwa ya mbio kubwa, shule nyingi pamoja. Asubuhi Dobi alitoka uani, akatazama juu, na hakuhitaji kutazama mara mbili. Mawingu yalikuwa yamekaa chini, rangi ya maji ya kufulia. Alianua nguo zote zikiwa bado mbichi, akazirundika mezani, akafunga duka. Mkewe alikuwa ameshakwenda kazini. Njiani alitaka kumwambia Filimbi kwamba leo tuache. Maneno yalifika mdomoni. Lakini mtoto alikuwa anatembea mbele yake kwa kurukaruka, nambari yake imebanwa kifuani kwa pini, na yeye akayameza.

Njia ya mbio ilianzia uwanjani, ikapanda mlima ulio nyuma, ikazunguka mnara wa simu kule juu, ikateremka upande wa pili katikati ya mikaratusi na kurudi uwanjani. Wakati watoto wanajipanga, manyunyu yalikuwa yameanza. Filimbi alivua sweta lake akampa baba yake juu ya kamba.

"Umevuta dawa, mama?" Dobi alimuuliza. Alikuwa anamwita mama siku zote.

"Nimevuta nyumbani, baba. Shika tu."

Wakaondoka. Kundi zima la watoto likapita likirusha tope, likaupanda mlima, likawa vidoa vya rangi, kisha mvua yenyewe ikafika. Haikuja kidogo kidogo. Ilimwagika kama mtu amepindua beseni, na nyuma yake ukungu ukashuka, na mlima haukuonekana tena. Mahali ulipokuwa palibaki weupe mtupu. Wazazi waliokuwa wanapiga kelele walinyamaza. Hapakuwa na kitu cha kukipigia kelele.

Sweta lilikuwa linalowa. Dobi alilikung'uta ili alikunje aliweke ndani ya koti lake. Na kwa kuwa alikuwa dobi, na hakuna dobi anayekunja nguo ya mtu bila kupekua mifuko, vidole vyake viliingia mfukoni vyenyewe. Vikakuta kikopo cha buluu.

Alikitoa akakitazama. Kilitakiwa kiwe kwenye mfuko wa kaptula ya mtoto, aliyekuwa kule kwenye ukungu.

Alikwenda kwa mwalimu wa michezo, amekishika juu ili akione. Mwalimu hakupuuza, lazima nimtendee haki. Alichukua simu pale pale kumpigia mwenzake aliyewekwa kwenye mnara. Simu haikushika. Akajaribu tena, kiganja kimefunika simu isilowe, na haikushika. Akasema, "Mzazi, tafadhali, usubiri hapa hapa. Watarudi wenyewe. Kuna watu njiani."

Dobi alirudi kwenye kamba. Alijaribu kupumua kama kawaida yake, lakini safari hii hakuwa na mtu wa kupumua naye. Fundi Friji alimshika bega, akamwambia kwamba mtoto atatokea pale pale, kwa hiyo dawa ikae pale pale, hesabu yake ni rahisi. Dobi alijua ni kweli. Baadaye alisema hivyo kila mara, kwamba alijua. Lakini mvua ilizidi, na mtu mmoja nyuma yake akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hali kama hii si ya kumtoa mtoto nje, na miguu yake ikavuka kamba.

Alikuwa na umri wa kukaribia uzee, goti moja bovu kwa kusimama miaka mingi, na viatu vya ngozi. Njia ilikuwa imegeuka mfereji. Alipanda kwa mikono na miguu, akateleza, akajishikiza kwenye majani yaliyomkata viganja, kikopo amekifumbata. Kila baada ya hatua chache aliita. Ukungu ulikuwa mzito hata sauti yake ilimrudia karibu na uso. Halafu akasikia filimbi.

Sauti ile ile nyembamba ya juu, mbele yake, ikipanda na kushuka. Dobi aliacha njia akaifuata. Aliingia vichakani, akafunua matawi, akapiga magoti akapapasa chini ya mawe makubwa, mahali ambapo mtoto aliyeishiwa pumzi angeweza kujikunyata. Aliita, "Mama, niko hapa, baba yako niko hapa." Sauti ikazidi, akaifuata tena, mpaka akagonga ua wa chuma. Ulikuwa ua wa mnara. Upepo ulikuwa unapita kwenye nyaya.

Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mtoto, wala yule mwalimu wa kulinda njia. Dobi hakuelewa. Hakuweza kujua kwamba waliokuwa juu walishaona hali imechafuka, wakawazuia watoto kabla hawajafika mnarani, wakawakatisha kwa njia ya mkato kwenye mikaratusi. Wakati yeye anapapasa chini ya mawe, watoto wote walikuwa upande wa pili wa mlima, wakiteremka.

Filimbi alitokea kwenye ukungu akiwa wa nne. Haya niliyasikia kwa Fundi Friji, na Fundi Friji aliyasimulia mara nyingi. Alisema alikimbia vizuri mpaka mwisho, akavuka mstari, na wakati wenzake wanajitupa chini, yeye alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, mahali baba yake anaposimama siku zote. Akatazama. Akaifuata kamba mpaka mwisho, akarudi, anatazama nyuso. Hapo tayari mkono ulikuwa kifuani. Kisha akainama, na ile sauti ikaanza, na kila aliyekuwa karibu aliisikia.

Mwalimu alipiga mbio na sanduku la huduma ya kwanza. Lilikuwa na bandeji na dawa ya vidonda. Wakauliza nani ana mtoto mwenye pumu, nani ana dawa. Hakuna. Midomo ya Filimbi ilikuwa inabadilika rangi. Fundi Friji hakungoja mtu aamue. Alimbeba, akamlaza mbele kwenye gari lake, akaondoka na mlango haujafungwa vizuri. Alisema njia nzima mtoto alikuwa anajaribu kusema neno moja, na hakuwa na pumzi ya kulimaliza, na neno lenyewe lilikuwa baba.

Dobi aliposhuka, uwanja ulikuwa karibu mtupu. Watu walikuwa wanang'oa vigingi. Alikuwa amepakaa tope mpaka kwenye nyusi, na mwalimu wa michezo kwanza hakumtambua. Kisha akamkimbilia.

"Mzee, ulikuwa wapi? Alikuwa anakutafuta."

Dobi alifungua kiganja akamwonyesha kikopo.

Hospitalini alimkuta mkewe amefika kabla yake. Alikuwa bado na aproni ya kiwandani, unga kwenye nywele, ameketi wima kando ya kitanda. Filimbi alikuwa amewekewa barakoa ya plastiki, mvuke unapanda, macho ameyafumba, kifua kinapanda na kushuka kwa taabu lakini kinapanda. Nesi alisema wamemuwahi. Dobi alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika, akakinyoosha kile kikopo kuelekea kwa mkewe. Hata yeye hakujua kwa nini.

Mkewe alikitazama kikopo, akautazama ule mkono wenye mikwaruzo, akamtazama kuanzia juu mpaka chini. Dobi alingoja. Alikuwa tayari kwa lolote, na ningesema alikuwa analitamani.

"Vua viatu," mkewe alimwambia. "Unachafua wodi ya watu."

Akavivua, akavishika mkononi, akaja kusimama upande wa pili wa kitanda. Hapakuwa na kiti cha pili. Mashine ilikuwa inanguruma taratibu, na nje mvua ilikuwa bado inanyesha. Jioni Filimbi alifumbua macho, na nesi alipomwondolea barakoa kwa muda, jambo la kwanza alilosema ni kwamba alikuwa wa nne. Kisha akamtazama baba yake.

"Nilikuangalia kwenye kamba," alisema. "Hukuwepo."

"Nilikuja kukutafuta, mama. Kule juu."

Mtoto alilifikiria hilo. "Lakini mimi nilikuwa hapa," akasema, bila hasira, kama anayemsahihisha mtu aliyekosea njia. Nesi akamrudishia barakoa.

Alikaa hospitali siku chache, akarudi nyumbani amekonda. Mtaani tuliwaendea kuwapa pole, na kila mtu alimwambia Dobi kwamba angefanya vile vile, mzazi ni mzazi. Maneno hayo hayakumsaidia. Alitaka mtu mmoja tu amkaripie, na hakumpata. Mkewe hakulirudia jambo lile, si kwa ukali wala kwa wema. Mwalimu aliomba radhi yeye, kwa kuwa na sanduku lisilo na kitu cha kusaidia. Fundi Friji, ambaye Dobi alimshukuru mpaka machozi, alikuwa anakuja kila wiki na ovaroli zake za kufuliwa na kusimulia upya namna midomo ilivyobadilika, namna alivyovuka kwenye taa nyekundu. Hakukusudia ubaya. Dobi aliendelea kupiga pasi, anaitikia, na siku moja akaunguza kola ya shati la mtu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia.

Kuhusu kukimbia, hakuna aliyesema lolote. Mama alikuwa anangoja baba aseme, baba alikuwa anangoja mama. Basi mtoto hakuomba ruhusa. Dobi alipata habari kwa mteja aliyekuja kuchukua suruali, akampongeza kwamba amemwona binti yake asubuhi, anakata upepo barabara ya juu. Dobi alikunja suruali, akampa. Jioni hakumuuliza Filimbi. Alimsikiliza tu akila, akisikiliza kifua, na kilikuwa kimya. Angemzuia vipi? Angemfungia? Na akimfungia, kifua kile kile angekuwa nacho mle ndani.

Msimu uliofuata alirudi kwenye kamba. Mvua ilikuwepo, bila shaka. Filimbi alikuwa amerefuka, dawa yake amejifungia kiunoni mwenyewe, na hakutaka kuulizwa mbele za wenzake. Alipotea mlimani pamoja na kundi. Mwanamke mmoja mgeni, mwanawe ndiyo kwanza anaanza, alikuwa anahangaika huku na huku na mwavuli wake, akamuuliza Dobi huwa wanachukua muda gani kule juu, na je, mtu anaweza kwenda kuangalia. Dobi alitaka kumjibu. Alifungua mdomo, na hewa yote aliyokuwa nayo ilikuwa imeshakwenda mlimani, akatikisa kichwa tu. Alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili. Hakuiachia mpaka watoto walipoanza kutokea, mmoja mmoja, wote wamefanana kwa tope, na katikati yao wake.

Anakimbia mpaka leo, na safari nyingine mbili kifua kimembana, mara moja vibaya. Dobi alikuwepo mara zote, na kuwepo kwake hakukubadilisha kitu, dawa ilifanya kazi yake au haikufanya, na yeye alishika mkono. Mkewe hajawahi kwenda uwanjani. Siku za mbio huomba kubadilishiwa zamu, akabaki nyumbani, na hapiki. Hukaa kwenye stuli ya mumewe katikati ya nguo za watu, mlango wazi, mvua inapiga sakafu. Akiwaona wawili wamekata kona ndipo anapoinuka kwenda kuwasha jiko.